Ruta dukani: Ukurasa mmoja unaookoa bando na biashara

KWA mfanyabiashara wa mazao mjini Morogoro, intaneti imekwishaingia katika hesabu za biashara kama ilivyo kodi ya fremu, umeme na gharama za kusafirisha mzigo. Oda ya ndizi na viungo vya Kinole na Matombo, au ya kabichi, viazi na njegere za Mgeta, siku hizi hupangwa kwa WhatsApp kabla gari halijashuka mlimani kuelekea Dar es Salaam. Picha ya mzigo hutangulia, bei hujadiliwa, ndipo gunia linafungwa. Leseni ya biashara nayo huombwa kwa mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, na ada nyingi za serikali hulipwa kwa kontroli namba.

Ndiyo maana maduka ya pembejeo, stoo za nafaka, vibanda vya uwakala wa fedha na hata nyumba za wakulima sasa zina ruta. Hata hivyo, wengi wanaonunua kifaa hicho hukichomeka kwenye umeme, wakapewa neno la siri la waifai na muuzaji, basi wakaachana nacho. Siku kinapogoma, dawa inayojulikana ni moja tu: kukichomoa na kukichomeka tena. Ikishindikana, anaitwa fundi, ambaye hulipwa kwa kazi inayoweza kuwa ya dakika kumi. Na bando la mwezi likiisha tarehe 12, lawama zote huangukia kampuni ya simu.

Jambo ambalo wengi hawajaambiwa ni kwamba kila ruta ina ukurasa wake wa usimamizi, unaofunguliwa kwa simu ya mkononi au kompyuta. Ukurasa huo humwonyesha mwenye ruta ni vifaa vingapi vinavyotumia intaneti yake, bando limetumika kiasi gani, netiweki inaingia kwa nguvu gani, na kama tatizo liko ndani ya nyumba au nje yake. Kuufungua hakuhitaji bando hata kidogo. Ni daftari la mauzo la kifaa hicho, na mfanyabiashara asiyelifungua anafanya kazi gizani.

Ukurasa huo uko wapi

Ruta ni kifaa kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawa ndani. Kutoka nje inaweza kupokea kwa laini ya simu, kama zilivyo ruta za 4G na 5G zinazouzwa na kampuni za simu, au kwa waya wa mkongo, maarufu kama faiba, uliovutwa hadi ukutani. Ndani inagawa kwa waifai au kwa waya.

Ili kazi hiyo iende sawasawa, kila kifaa hupewa namba iitwayo anwani ya IP, mithili ya meza za sokoni zinavyopewa namba. Ruta nayo ina namba yake. Namba hizi za ndani zilitengwa kimataifa mwaka 1996 ili zitumike majumbani na maofisini bila kugongana na za nje, na ndiyo sababu nyingi huanza na 192.168. Ruta ya Kihonda na ruta ya Nyandira zinaweza kuwa na namba ileile bila tatizo lolote, kama vile kila soko linavyoweza kuwa na meza namba moja.

Mara nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta, pamoja na jina la kuingilia na neno la siri la kuanzia. Ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu hutumia 192.168.8.1, na vifaa vya faiba vya kampuni hiyo hiyo hutumia zaidi 192.168.100.1. TP-Link na ZTE mara nyingi hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1.

Kibandiko kikiwa kimefutika, namba hupatikana kwenye simu yenyewe. Katika simu ya Android, fungua mipangilio, ingia kwenye waifai, kisha gusa jina la mtandao uliounganishwa na utafute namba iliyo mbele ya neno Gateway. Kwenye iPhone hatua ni zilezile, ila neno la kutafuta ni Router. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua kidirisha cha amri, andika ipconfig, bonyeza kitufe cha kuingiza, kisha usome namba iliyo mbele ya maneno Default Gateway.

Baada ya kuipata, unganisha simu kwenye waifai ya ruta hiyo, fungua programu ya kuperuzi, na uandike namba hiyo juu kabisa, mahali pa kuandikia anwani za tovuti. Ukurasa utafunguka na kudai jina na neno la siri. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Neno la siri la waifai ni lile analopewa mgeni ili apate intaneti. Neno la siri la usimamizi ni la mwenye mali, na ndilo linalofungua ukurasa huu. Ni sawa na funguo za duka: mteja hupita mlango wa mbele, lakini ufunguo wa droo ya fedha hapewi.

Ukurasa ukigoma kufunguka

Ukurasa ukikataa kufunguka, sababu kwa kawaida ni ndogo. Ya kwanza ni kuandika namba kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google badala ya mahali pa anwani. Matokeo yake huja orodha ya tovuti za nje zisizohusiana na ruta yako. Dawa yake ni kuanza na http:// kisha kufuatisha namba.

Ya pili ni makosa ya kuandika. Wapo wanaoweka herufi O mahali pa sifuri, au mkato mahali pa nukta. Namba lazima iwe na mafungu manne yaliyotenganishwa na nukta tatu, bila nafasi katikati.

Ya tatu huwasumbua zaidi watumiaji wa simu. Simu za kisasa zikiona waifai haina intaneti, huhamia zenyewe kwenye data ya laini ya simu. Hapo simu inaitafuta ruta kupitia mnara wa nje, mahali ambapo ruta haipo. Zima data ya simu kwanza, na kama unatumia VPN izime pia, kisha ujaribu tena.

Ya nne ni kuwa umeunganishwa kwenye mtandao usio wako, au kwenye mtandao wa wageni wa ruta hiyo hiyo, ambao kwa kawaida hauruhusiwi kufungua ukurasa wa usimamizi. Hakikisha jina la waifai ni lako. Ikishindikana kabisa, chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, na ujaribu kwa njia hiyo.

Neno la siri likisahaulika

Ukikosea neno la siri mara kadhaa, ruta nyingi hujifunga kwa dakika chache. Usiendelee kubahatisha, subiri. Kama neno lililo kwenye kibandiko halikubaliki, maana yake kuna mtu aliyelibadilisha, na mara nyingi ni fundi aliyeifunga ruta hiyo. Mpigie umuulize. Ni haki ya mwenye mali kukabidhiwa neno hilo siku kazi inapokamilika, kama anavyokabidhiwa funguo za mlango mpya.

Njia ya mwisho ni kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani. Kuna kitundu kidogo nyuma au chini ya ruta. Ruta ikiwa inawaka, ingiza pini na ubonyeze kwa takriban sekunde kumi hadi taa zizimike na kuwaka upya. Baada ya hapo, maneno ya kwenye kibandiko yatafanya kazi tena.

Lakini uangalifu unahitajika. Hatua hiyo hufuta kila kilichowekwa: jina la waifai, neno lake la siri na mipangilio yote. Kwa ruta ya laini ya simu hasara huwa ndogo, ingawa pengine utalazimika kuandika upya APN ya kampuni yako. Kwa ruta ya faiba mambo ni tofauti, kwani mtoa huduma anaweza kuwa ameweka humo jina na neno la siri vya kukutambulisha kwake. Vikifutika, intaneti haitarudi mpaka vipatikane. Mwenye faiba ampigie mtoa huduma kabla hajagusa kitundu hicho.

Nani anakula bando

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Kwa mkulima, mbolea ikivuja kwenye gunia njiani, hasara inaonekana ardhini. Bando likivuja halionekani, lakini fedha iliyolipwa ni ileile.

Chukua mfano wa duka linalonunua GB 30 kwa mwezi. Kazi za duka zenyewe ni nyepesi. Picha moja ya mzigo ikitumwa kwa WhatsApp hubanwa na kuwa ndogo; hata ikichukuliwa kuwa ni nusu MB, picha 2,000 hazizidi GB 1. Mwenye duka anayetuma picha 30 kila siku angemaliza mwezi akiwa hata hajaifikia GB 1 hiyo.

Video ni jambo jingine kabisa. Filamu ya ubora wa kawaida hutumia takriban GB 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hufikia GB 3. Kijana mmoja wa nyumba ya jirani aliyepewa neno la siri mwaka jana, akiangalia filamu za ubora wa juu kwa saa mbili kila jioni, atatumia GB 6 kwa siku. Bando la GB 30 litaisha siku ya tano, na mwenye duka atabaki akiilaumu kampuni ya simu.

Ukurasa wa ruta unamaliza ubishi huo. Tafuta sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa, ambayo kwa Kiingereza huandikwa Connected Devices au Clients. Zima waifai kwenye simu na kompyuta zako zote, ubaki na kifaa kimoja tu unachotumia kutazama. Vyovyote vitakavyobaki kwenye orodha ni vya watu wengine. Tahadhari moja: simu nyingi za miaka ya karibuni huficha utambulisho wao halisi na kujitokeza kwa utambulisho wa kubuni, hivyo usitegemee majina pekee. Hesabu idadi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kumzuia mtu mmoja mmoja kwenye orodha hakufui dafu, kwani simu yake inaweza kurudi kwa sura nyingine. Dawa ya uhakika ni kubadilisha neno la siri la waifai. Wote watatoka kwa mpigo, na utawapa neno jipya wale unaowataka tu. Ifanywe desturi kubadilisha kila mfanyakazi anapoacha kazi.

Wanaotaka kuwapa wateja intaneti, kama migahawa na nyumba za wageni, wasitoe mtandao wa ofisi. Ruta nyingi zinaweza kuunda mtandao wa pili wa wageni, wenye jina na neno lake la siri. Mgeni anapata intaneti bila kuvifikia vifaa vya ofisini. Aidha, ruta nyingi za laini ya simu zina sehemu ya kuweka ukomo wa matumizi kwa mwezi na siku ya kuanza kuhesabu. Weka siku uliyonunua bando, kisha ulinganishe hesabu ya ruta na ya kampuni. Ukiwa na malalamiko, utakwenda kwa mtoa huduma ukiwa na takwimu mkononi, na usiporidhika unaweza kulifikisha suala hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Jambo jingine linalosahaulika ni ujumbe mfupi. Laini iliyo ndani ya ruta ina namba yake ya simu, na taarifa za bando kukaribia kuisha hutumwa kwenye namba hiyo. Kama hufungui sehemu ya SMS katika ukurasa wa ruta, taarifa hizo zinajaa humo bila msomaji.

Milima na mawimbi

Kwa wakazi wa Uluguru, ukurasa huu una faida ya pekee. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Kati yake kuna mabonde na migongo ya milima inayozuia mawimbi ya simu. Kijiji kinaweza kuwa karibu na mnara kwenye ramani, lakini mgongo mmoja wa mlima ukakiweka kivulini. Mei 2023, Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini nchini kote. Lakini hata mnara ukiwapo, mahali ruta ilipowekwa ndani ya nyumba huamua mengi.

Vijiti vya netiweki vinavyoonekana kwenye ruta havitoshi kupima. Ndani ya ukurasa, kwenye taarifa za kifaa au za mawimbi, kuna kipimo kiitwacho RSRP, kinachosomwa kwa namba hasi. Kisomwe kama deni: deni la 80 ni afadhali kuliko deni la 110. Kipimo cha -80 au chini ya deni hilo ni kizuri sana. Kati ya -80 na -100 kazi inakwenda. Kikipita -110, tarajia kukatika mara kwa mara.

Namna ya kutumia kipimo hicho ni rahisi. Weka ruta chumba cha kwanza, subiri dakika mbili, andika namba. Ihamishie dirishani upande unaotazama mnara, andika tena. Ipandishe juu ya kabati, andika. Baada ya nusu saa utajua mahali bora kuliko pote nyumbani kwako. Usiiweke nyuma ya jokofu, wala katikati ya stoo iliyojaa mabati, kwani chuma huzuia mawimbi. Kama ruta ina tundu la antena ya nje, antena iliyopandishwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara inaweza kuleta tofauti kubwa kwa nyumba iliyo bondeni.

Pia kuna suala la masafa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama 700 na 800, husafiri mbali na kuzunguka vizuizi vizuri zaidi kuliko ya 1800 au 2600, ambayo nayo hubeba mzigo mkubwa zaidi pale yanapofika vizuri. Ruta ikiwa inahamahama kati ya 4G na 3G, ukurasa wake mara nyingi hukuruhusu kuchagua aina moja. Jaribu kuifunga kwenye 4G kwa siku moja. Hali ikiwa mbaya zaidi, irudishe kwenye kuchagua yenyewe.

Ndani ya nyumba nako kuna mawimbi mawili. Waifai ya 2.4 hupenya kuta na kufika mbali, ya 5 ina kasi lakini huchoka haraka. Simu iliyo ghalani nyuma ya kuta mbili za matofali iunganishwe na 2.4, kompyuta iliyo mezani karibu na ruta itumie 5.

Kujua tatizo liko wapi

Intaneti inapokatika, kanuni ni kufuata njia hatua kwa hatua, kama mkulima anavyofuata mfereji kutafuta mahali maji yanapopotelea. Hatua ya kwanza ni kufungua ukurasa wa ruta. Ukifunguka, basi njia kati ya simu yako na ruta ni nzima. Tatizo liko mbele. Usipofunguka, na makosa yaliyotajwa juu hayapo, tatizo liko kwenye waifai, umeme au ruta yenyewe. Hapo ndipo kuzima na kuwasha kuna maana. Kagua pia adapta: ikibadilishwa, iwe na volti zilezile zilizoandikwa kwenye ruta.

Ukurasa ukifunguka, tazama laini ya simu. Ukiona inasema laini haionekani, zima ruta, itoe laini, ifute vumbi na kuirudisha. Laini ikisoma lakini netiweki haipo, soma RSRP. Netiweki ikiwa nzuri, tazama bando na SMS. Kwa faiba, angalia taa: taa nyekundu iliyoandikwa LOS ina maana mwanga haufiki, pengine waya umekatika au umekunjwa mno. Hapo hakuna mpangilio utakaosaidia. Mpigie mtoa huduma.

Kila kitu kikiwa sawa na intaneti bado haipo, tatizo huenda liko mbali sana. Mei 12, 2024, kebo mbili za chini ya bahari, SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyoanza mwaka 2010, zilipata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma ya intaneti ilizorota Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Kwa siku kama ile, mwenye duka la Msamvu anayefungua ukurasa wa ruta huona laini inasoma, netiweki imejaa na bando lipo. Hilo peke yake linatosha kumwambia asirudishe ruta kiwandani, asinunue bando jingine, wala asimlipe fundi. Apige simu za kawaida kwa wateja wake, atume SMS, asubiri.

Wezi wanaopitia kwenye ruta

Wapo wanaoona kwamba neno la siri la kuanzia, mara nyingi admin, halina madhara kwa kuwa duka ni dogo. Mambo yaliyotokea duniani yanaonyesha kinyume chake. Nchini Brazil, mwaka 2011 na 2012, wahalifu waliingia kwenye modemu zaidi ya milioni 4 na kubadilisha mpangilio mmoja tu, ule wa DNS. DNS ndiyo inayoielekeza kompyuta tovuti ilipo. Mtu aliandika anwani sahihi ya tovuti anayoijua, akapelekwa kwenye ukurasa bandia, na taarifa zake za benki zikaibwa. Mwaka 2016, programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani. Vifaa hivyo vilitumiwa kuangusha tovuti kubwa bila wenye navyo kujua.

Wahalifu hao hawakuwachagua matajiri. Programu zao hupita na kugonga kila mlango, na kuingia palipo wazi. Kwa wakala wa fedha au mwenye akaunti ya benki kwenye simu, kinga huchukua muda mfupi. Badilisha neno la siri la usimamizi. Maneno matatu au manne yasiyohusiana, pamoja na namba, ni magumu kubahatisha. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3 kwa waifai. Zima WPS. Zima ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje. Sasisha programu yake kila toleo jipya linapotokea, ukiwa na umeme wa uhakika, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ruta inaweza kufa. Na ukikuta namba za DNS ambazo si wewe wala mtoa huduma wako aliyeziweka, zirudishe kwenye kuchaguliwa zenyewe.

Ieleweke pia kwamba ujuzi huu ni wa kutumia kwenye ruta yako mwenyewe. Kuingia kwenye kifaa cha mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Daftari moja

Kampuni za simu na wauzaji wa vifaa wana wajibu wao. Karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili, ikiambatana na kila ruta inayouzwa, ingewapunguzia wateja gharama na kampuni zenyewe simu za malalamiko. Vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima navyo vinaweza kumteua kijana mmoja wa kikundi ajifunze kazi hii na kuwafundisha wengine.

Lakini hakuna haja ya kusubiri. Chukua daftari la duka. Andika namba ya ruta, jina la kuingilia, neno la siri la usimamizi, neno la siri la waifai, namba ya simu ya laini iliyo ndani, tarehe ya kununua bando na kipimo cha RSRP cha mahali bora. Lifungie pamoja na leseni. Kila mwanzo wa mwezi, fungua ukurasa, hesabu vifaa, linganisha matumizi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na bando nalo ni mali.